Miavuli ya Saa Tisa

Kakamega mvua haipigi hodi.
Saa tisa, ukibahatika saa tisa na robo,
hutoka upande wa msitu na miguu yake yote,
na barabara ya Lurambi ikabaki na mbwa mmoja
na Shimuli wa mkokoteni, asiye na pa kuuacha.

Mimi hushona miavuli. Kibanda changu
kimeegemea ukuta wa duka la mbolea.
Watu huleta iliyovunjika mbavu, wakasahau,
wakanunua mingine, wakahama, wengine wakafa;
nikabaki na kumi na saba isiyo na mwenyewe,
imening'inia kwenye waya kama popo.

Wa kwanza alikuwa msichana wa shule, Imali,
amekumbatia begi kama mtoto mchanga,
amesimama mlangoni, mvua ikimrukia soksi.
Nikampa mweusi wenye mpini wa mbao.
"Nitalipa nini?"
"Urudi nao," nikasema, basi.
Nilitaka tu aondoke. Alikuwa ananizibia mwanga.

Nakiri hivyo. Wema wangu ulianzia hapo,
kwenye haja ya kuona tundu la sindano.

Kesho yake ukarudi, umekunjwa vizuri,
umefungwa kwa uzi mwekundu wa sufi.
Ule uzi niliutazama mpaka chai ikapoa.

Basi nikaendelea. Mwenye mimba, mpe.
Karani mwenye faili za mahakama, mpe.
Mlevi, mpe (huyo aliurudisha mapema kuliko karani).

Muhonja, mke wangu, hesabu zake ziko kichwani:
"Kumi na saba imekuwa kumi na mmoja.
Huu ni wema au ni mfuko uliotoboka?"
Sikuwa na jibu. Nikaendelea kufyonza mfupa.

Husemwa, tenda wema nenda zako.
Niende wapi, na kibanda kiko papa hapa?
Lusweti, aliyepotea na ule wa buluu,
alipita kila siku uso kaugeuza,
akijifanya anasoma bei ya mbolea,
nami namwita: Lusweti, za nyumbani?
Hata siku moja shingo ikamchoka, akacheka.
Tukacheka wawili. Mwavuli hatukuutaja.
Nasikia uko Khayega kwa mama mkwe wake,
unafunika vifaranga.

Sasa, faida. Mnaitaka; hata mimi niliitaka.
Sikutajirika. Paa langu linavuja palepale.
Ila moyo, uliozoea kunigongea usiku
kama mwenye nyumba anayedai kodi,
siku hizi hulala kabla yangu.
Ila nikitoka hapa hadi sokoni
naitwa kwa jina mara nane, tisa,
na mtu anayeitwa hivyo hawezi kujisahau.

Na usiku ule presha ya Muhonja ilipopanda,
mvua ya mawe, simu haina chaji,
Shimuli alikuja na mkokoteni kabla sijamaliza kumwita.
Tukamlaza juu ya magunia, tukasukuma.
Njiani mtu akatoka gizani, hakusema neno,
akamfunika mke wangu kwa mwavuli,
bega lake mwenyewe likilowa hadi lango la hospitali.

Chini ya taa niliutafuta mshono wangu,
ule uzi wa kijani ninaoutumia mimi tu.
Haukuwepo.
Ulikuwa mwavuli wa mtu mwingine kabisa,
asiyenidai, nisiyemdai.
Nilipogeuka kumshukuru, alishaondoka.
Yeye, ndiyo, alikwenda zake.

Muhonja amepona. Juzi alikuja kibandani,
akatazama waya. "Imebaki mingapi?"
"Tisa."
Akafungua mkoba, akatoa wake wa kanisani,
wenye maua, ambao hata mimi sijawahi kuugusa,
akautundika mwishoni.
"Kumi," akasema,
akaketi, akaendelea kuchambua kunde.

Ilikuwa saa nane na dakika hamsini.
Upande wa msitu kulishaanza kuwa kweusi.